Kijana ana leseni mkononi: afundishwe nini kabla ya kuachiwa gari peke yake?

BiZuhura
Habari zenu wakuu. Nauliza wanaofundisha udereva. Kijana wa miaka 18 kamaliza masomo, leseni anayo. Gia anabadili bila kukwama, kurudi nyuma na kuegesha hana shida. Kabla hajapewa funguo atoke peke yake, aongezewe mazoezi gani? Na yale mafunzo ya kudhibiti gari linaposerereka yana faida, au ni kupoteza hela?

Mwalimu_Usukani
Dada Zuhura, mtihani umepima mikono na miguu. Macho bado. Dereva mgeni hukazia macho gari lililo mbele yake, basi. Mzoefu anatazama mbali, pale atakapofika baada ya sekunde 12 hadi 15. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni kama mita 170 hadi 200.

Mpe zoezi hili: aendeshe huku akitaja kwa sauti anachokiona na anachokihofia. "Basi limesimama, mtu anaweza kuchomoka mbele yake, natoa mguu kwenye mafuta." Akikaa kimya nusu dakika mjini, ujue macho yamelala. Dakika 20 zinatosha kwa siku, maana linachosha kweli.

Kuhusu muda: jimbo la Victoria, Australia, linamtaka mwanafunzi aliye chini ya miaka 21 atimize saa 120 akiwa na msimamizi kabla ya mtihani. Ila saa 120 za njia moja ya kwenda dukani hazina maana. Zigawe: mvua, usiku, barabara kuu, foleni.

LamiKavu
Naongezea hesabu, kwa sababu kijana hubishana na mzazi lakini habishani na hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula mita 14 kila sekunde. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kufunga breki unazidi mara nne: kwenye lami kavu ni kama mita 14 ukiwa 50, na kama mita 55 ukiwa 100. Hapo sijaweka sekunde moja na zaidi ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Akitupia simu jicho kwa sekunde 2 akiwa 80, ameshapita mita 44 bila kuona kitu.

Nafasi: gari la mbele likipita nguzo, aanze kuhesabu. Asiifikie nguzo hiyo kabla ya sekunde 3. Mvua ikinyesha, 4 au zaidi.

Halafu breki ya dharura. Tafuteni uwanja mtupu, afike 40, akandamize breki na klachi mpaka mwisho kwa mpigo mmoja, na ashikilie. Kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande ukikandamiza breki) pedeli itamtetemekea chini ya unyayo na kutoa mlio wa kukwaruza. Wengi hapo huachia wakidhani kitu kimevunjika, na siku ya hatari huachia vilevile. Arudie mpaka mtetemo ule usimshtue.

Mwalimu_Usukani
Kuserereka sasa. Norway waliwahi kuyafanya mafunzo hayo ya lazima, na ajali za vijana wa kiume kwenye barabara zenye utelezi zikapanda badala ya kushuka. Walitoka wakijiona mafundi, wakaongeza mwendo. Hela hiyo nunulia matairi.

Cha kumfundisha ni hiki: matairi ya upande mmoja yakidondoka nje ya lami. Mgeni hukata usukani kwa nguvu kurudi. Ubavu wa tairi unasugua ukingo na kugoma, naye anazidi kukata. Mara tairi linapanda, limeshapinda mno, gari linaruka upande wa pili kukutana na wanaokuja, au linabiringika. Sahihi ni kunyoosha usukani, kutoa mguu kwenye mafuta, kutogusa breki kwa ghafla, gari lipoe mpaka mwendo wa taratibu, aangalie nyuma, ndipo apande kwa kukata kidogo tu.

BiZuhura
Ahsanteni sana. Na marafiki zake? Wameshaanza kupanga safari.

LamiKavu
Wasubiri, dada. Miezi 6 ya mwanzo asibebe wa rika lake bila mtu mzima, na usiku wa manane asitoke kabisa. Wenzake wakiwa ndani hatari inapanda hata kama hakuna pombe. Baadaye aanze na mmoja, na wa kiti cha nyuma naye afunge mkanda: gari likigonga, asiyefunga anarushwa mbele na kumponda dereva.

Na mkague anavyokaa. Mgongo ukiwa umegusa kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani, na kati ya kifua na usukani zibaki angalau sentimita 25, mfuko wa hewa upate pa kufumukia. Vijana hupenda kulaza kiti; klachi haifiki mwisho hivyo.