Naombeni ushauri: tanjenti zote za koniki yangu zinapita nukta moja, nimekosea wapi?

Karatasi_ya_Miraba:
Wakuu, habari za usiku. Nasoma uzamili wa hisabati, andiko langu linahusu koniki (mikunjo ya mlinganyo wa digrii ya pili) kwenye mabapa projektivu yenye ukomo, yaani yenye nukta chache za kuhesabika na ambako kila mistari miwili hukutana. Nimechukua fildi (mfumo wa namba) yenye namba q = 4, ambazo ni 0, 1, w na w² = w + 1, yaani bapa la nukta 21 na mistari 21, kila mstari nukta 5. Koniki ni y² = xz, na nukta zake ni (1,0,0), (1,1,1), (1,w,w²), (1,w²,w) na (0,0,1). Hakuna tatu zilizo kwenye mstari mmoja, hapo niko sawa.

Kasheshe ni tanjenti, ile mistari inayogusa koniki kwenye nukta moja tu. Nimezichora kwa kalamu nyekundu, zote 5 zinapita (0,1,0)! Kwa q = 3 na q = 5 halikunitokea hili. Nimerudia mara nne. Jumatatu namwona msimamizi na sina amani. Nibaki na q witiri tu?

Bint_Hesabu:
Pole ndugu, ila hujakosea popote. Tanjenti kwenye (1,t,t²) ni t²x − 2ty + z = 0. Kwenye fildi yako 1 + 1 = 0, yaani 2 ni sawa na 0, hivyo y inatoweka. Ile ya (0,0,1) ni x = 0, nayo haina y. Mstari usio na y lazima upite (0,1,0). Nukta hiyo inaitwa kiini.

Mzee_wa_Ovali:
Bint kamaliza kwa mlinganyo. Mimi napenda kuhesabu, maana hapo ndipo unaona sababu yenyewe.

Simama kwenye nukta yoyote nje ya koniki. Kila mstari unaopita hapo unagusa koniki mara 0, 1 au 2. Koniki ina nukta q+1. Kama q ni shufwa, hiyo ni witiri, kwa hiyo lazima upatikane angalau mstari mmoja wa kugusa mara 1, yaani tanjenti.

Sasa chukua mstari unaokata koniki mara mbili. Umebakiwa na nukta q−1 juu yake, na tanjenti q−1, za nukta nyingine za koniki, za kuzigawia. Kila nukta inadai angalau moja, basi kila moja inapata moja tu. Kumbe tanjenti mbili haziwezi kukutana juu ya mstari wa namna hiyo! Zinapokutana, kila mstari kutoka hapo kwenda kwenye koniki ni tanjenti.

Na usikimbilie q witiri kwa woga, mwanangu. Huko mwanahisabati wa Italia Beniamino Segre alithibitisha mwaka 1955 kwamba seti yoyote ya nukta q+1 isiyo na tatu mstari mmoja ni koniki. Kwenye shufwa, ongeza kiini kwenye koniki yako, kisha toa nukta nyingine yoyote ya koniki. Kuanzia q = 8 unachobaki nacho si koniki tena, kwa sababu koniki mbili tofauti hazishiriki nukta 5. Hiyo peke yake ni sura nzima ya andiko.

Karatasi_ya_Miraba:
Shikamoo mzee, na asante sana Bint. Nimejaribu q = 2 sasa hivi, lile bapa la nukta 7. Koniki ina nukta 3, ukiongeza kiini zinakuwa 4. Tatu zilizobaki, (1,1,0), (0,1,1) na (1,0,1), zimekaa mstari mmoja! Sihami. Naiandika upya sura ya pili usiku huu, nikianzia hapo.