Yule "profesa wa santuri" wa hapa Mwanza kaweka sufuria ya moto juu ya santuri yangu ya Ave Africa!!!

Wakuu leo sisalimii mtu. Mnamjua, msijifanye hamumjui, yule mzee anayejiita profesa, kila bendi ukiitaja anakwambia alikuwepo siku inaanzishwa. Nimetoka kwake sasa hivi mikono inatetemeka.

Pleya yangu mkanda umekatika, nikasema kwa roho safi ngoja nimpelekee Ave Africa ya Sunburst tusikilize wote. Hakuiweka kwenye pleya. HAKUIWEKA. Kaangalia kava tu, "hii ni rhumba?" hapana mzee, "benga ya Wajaluo?" hapana, humu kuna roki, soul, fanki na ngoma za kwetu, bendi ya hapahapa nchini, ya Dar, albamu ilitoka Zambia 1976 wakati zamrock, roki ya Kizambia ya bendi kama WITCH, imewaka. Akacheka akasema muziki usiojijua ni wa aina gani ni takataka. Halafu sato akaletwa kutoka jikoni, anatokota, na huyu mtu akapokea sufuria akaiweka juu ya santuri yangu. Meza ipo. Stuli ipo. Sakafu nzima ipo. Juu ya santuri!

Nimepiga ukelele nadhani Ukerewe wameusikia na wavuvi wamegeuza mitumbwi.

Santuri ni plastiki jamani, ikipata moto inajikunja. Nimefika home nimeilaza kwenye meza ya kioo, ukingo umeinuka upande mmoja kama chapati iliyovimba, sindano hapo itapanda na kushuka mpaka itupwe nje. Kava lina duara la masizi ya mkaa, ukipangusa linazidi kuenea. Na hili ni toleo la marudio la 2016 la kampuni ya Strut, la kwanza lenyewe sijawahi kuliona kwa macho, dada kanibebea kutoka Uingereza katikati ya nguo.

Kinachoniuma ni kwamba hakusikiliza hata sekunde moja. Mulatu Astatke, mwanamuziki wa Ethiopia, alichanganya jazi, muziki wa Amerika ya Kilatini na nyimbo za kwao tangu miaka ya 60, naye tumwekee sufuria? Mimi nikikuta boksi la santuri chini ya mitumba pale Mlango Mmoja naanza na ile nisiyoielewa, kava halisemi kitu, hapo ndo raha ilipo. Weka sindano kwanza, ndo utukane. Yeye kaweka sufuria. Sufuria wakuu!!

Mwanamalundi_Jr: Pole sana mkuu. Swali dogo, sato mlikula?

Mleta uzi: Usinitanie leo.

Mwanamalundi_Jr: Kwa hiyo mlikula.

BintiIgoma: Huyo mzee si yule wa kofia? Mimi aliniuzia santuri ndogo ya 45 akaapa ni safi, nafika nyumbani tundu la katikati kubwa, kwenye pleya inacheza huku na huku. Namrudia anaomba hela tena ya adapta, kile kidude cha kujaza tundu. Hilo la sufuria ni dogo.

Mleta uzi: Dada DOGO??? Sufuria ya moto??

DagaaMkavu: Mleta uzi unalia kwa plastiki, mziki si upo kwenye simu, weka bando usikilize.

Nyegezi_Kona: @DagaaMkavu vingi havipo huko. Bendi zetu zilirekodi RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho, kazi inaenda Nairobi. 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Ndo maana ni adimu. Ila mkuu na wewe, unampelekea mtu wa rhumba roki ulitegemea nini?

Otieno wa Rorya: Mnaongelea Sunburst wakati D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga, mtoto wa Shirati kabisa, mkoa wa Mara hapo jirani, amefariki Kisumu 2006 na dunia nzima inajua ni Mkenya. Hilo halina uzi.

Nyegezi_Kona: Misiani kazi yake yote kaifanyia Kenya, waache wamchukue.

Otieno wa Rorya: Bendi yake inaitwa SHIRATI Jazz. Shirati iko Kenya?

BintiIgoma: Shirati iko Tanzania ila gitaa la benga ni la ng'ambo ya pili, tusidanganyane.

Otieno wa Rorya: Dada ziwa ni moja, Wajaluo ni hao hao, mpaka kachora Mzungu. Jirani yangu naye ana santuri yangu ya Misiani, Benga Blast! ile ya 1989, nimemuazima mwaka wa ngapi huu hataki hata niishike. Fungua uzi wa watu wa namna hiyo.

DagaaMkavu: Mimi niliazimisha spika. Hadi leo.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Alichukua sufuria...

Mwanamalundi_Jr: Alichukua sufuria, tumesikia mkuu. @DagaaMkavu spika gani hizo, za mbao?

DagaaMkavu: Za mbao, nzito, zile za zamani. Jamaa kahamia Sengerema nazo, simu hapokei.

Otieno wa Rorya: Sengerema daraja limefunguliwa siku hizi, mfuate.

BintiIgoma: Ukienda niambie, huko nasikia kuna fundi ana adapta za 45. Nahitaji mbili.