Kujitolea kwenye tamasha la muziki Ilemela kiangazi hiki: niombe kazi gani, zamu gani?

Kijana wa Buhongwa

Wakuu, salaam. Kuna tamasha la muziki la siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwenye kiwanja cha wazi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza. Muziki unaanza saa 9 alasiri na kuzimwa saa 6 usiku. Wanatafuta watu wa kujitolea: zamu tatu za masaa sita sita, unapewa fulana, mlo mmoja kila zamu, na bangili ya kuingilia siku zote. Wanashika dhamana inayolingana na kiingilio, wanairudisha ukimaliza zamu zote.

Fomu inauliza unapenda kazi gani: geti, maji, usafi, maegesho, huduma ya kwanza, au uzio wa mbele ya jukwaa. Nataka kuandika uzio wa mbele kwa kuwa ndiyo sehemu iliyo karibu kabisa na wasanii. Sina mafunzo yoyote. Hiyo dhamana ni jambo la kawaida? Nibebe nini? Na nikiwa na zamu tatu, muziki nitaupata kweli? Nakaa Buhongwa, upande wa pili wa jiji, sina usafiri wangu.

Mzani

Mkuu, futa hilo la uzio kabla hujatuma fomu. Anayesimama pale anaupa muziki mgongo zamu nzima, macho yake yako kwenye nyuso za watu. Kazi yake ni kumtoa mtu aliyeishiwa nguvu kwa kumvusha juu ya uzio, na hiyo hufanywa na wawili: mmoja anashika kwapani, mwingine anapokea miguu. Asiyefundishwa anavuta mkono mmoja na kulitoa bega mahali pake. Waandaaji wanaojua kazi hawampangi mgeni pale. Wakikupanga bila hata mafunzo ya siku moja, hiyo yenyewe ni taarifa kuhusu hao waandaaji.

Dhamana ni kawaida. Uingereza, watu wanaojitolea kupitia shirika la misaada la Oxfam kwenye tamasha la Glastonbury huweka dhamana na kufanya zamu tatu za masaa 8 na dakika 15. Bila dhamana, wapo wanaochukua bangili, wakafanya zamu ya kwanza, kisha wakapotelea kwenye umati. Ila hakikisha mambo matatu. Malipo yaende kwenye lipa namba ya waandaaji, siyo namba ya simu ya mtu, na lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lifanane na lililo kwenye fomu. Masharti ya kurudishiwa yawe yameandikwa, na tarehe iwepo. Tatu, ujue ni nani anayesaini karatasi ya mahudhurio mwisho wa zamu, maana dhamana nyingi hupotelea hapo: msimamizi kaondoka mapema, karatasi haina sahihi, Jumatatu huna cha kuonyesha. Piga picha karatasi ikishasainiwa, kila zamu.

Sasa hesabu ya muziki. Masaa 9 kwa siku tatu ni 27. Ukipangwa saa 12 jioni hadi saa 6 usiku siku zote, unakosa 18 na wasanii wote wakubwa, kwa sababu hao hupanda usiku. Ukipata saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri hukosi hata wimbo, lakini zamu hiyo aghalabu ni usafi, kazi ngumu kwenye jua. Zamu nzuri kwako wewe wa Buhongwa ni geti, saa 6 mchana hadi saa 12 jioni. Unakosa masaa matatu kila siku, tena ya mwanzo ambapo mitambo bado inarekebishwa.

Geti lina ufundi wake. Ukitumia sekunde 10 kwa kila mtu, mstari mmoja unapitisha watu 360 kwa saa. Mistari minane ni 2,880, kwa hiyo watu 10,000 wataingia kwa takriban masaa matatu na nusu. Sekunde 10 zikawa 20, ni masaa saba, na wasanii wako jukwaani huku nusu ya watu wako barabarani. Kinachokula sekunde ni simu iliyopunguzwa mwanga, tiketi iliyofichika kwenye meseji mia mbili, na begi lenye zipu tano. Dawa yake ni mtu mmoja anayetembea kwenye foleni, mita 15 kabla ya geti, akisema: fungua tiketi, ongeza mwanga, fungua begi. Mwenye tatizo asijadiliwe mlangoni. Mpeleke meza ya pembeni, mstari uendelee.

Bangili umfunge wewe mwenyewe, usimkabidhi mkononi, la sivyo itamwingiza mwingine. Acha nafasi ya kidole kimoja. Zile za kitambaa zenye kibanio zikishakazwa hazilegei, na ukimkaza mtu kupita kiasi itabidi uikate na kuandika kwenye daftari kwamba umetoa nyingine.

Vya kubeba: kitambulisho au namba ya NIDA, viatu vya kufunika, kofia, chupa ya lita moja na nusu ya kujazia, tochi, sweta. Wengi hupuuza sweta kwa sababu ni kiangazi. Usiku wa Juni na Julai pembeni ya ziwa una baridi, hasa ukiwa umesimama na fulana iliyolowa jasho.

Nesi wa zamu

Naongezea la uzio wa mbele, maana ndilo linaloua.

Roskilde, Denmark, ni tamasha kubwa la majira ya joto ya kule, limeanza 1971 na linaendeshwa kwa nguvu za watu wa kujitolea. Tarehe 30 Juni 2000 msongamano wa umati pale mbele ya jukwaa uliua watu tisa. Kwetu, Februari 2020 watu 20 walikufa uwanjani Moshi kwenye ibada walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na Machi 2021 watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Hapa kila mara tunasema "walikanyagana". Neno hilo linapotosha. Wengi wanaokufa kwenye msongamano hukosa pumzi wakiwa wamesimama: kifua kimebanwa mbele na nyuma, mbavu haziwezi kutanuka, hewa haiingii. Mtu anapoteza fahamu bila kuanguka kwa sababu hana pa kuangukia.

Kipimo ni watu kwa mita ya mraba. Wanne bado wanaweza kucheza na kugeuka. Kuanzia watano ni hatari. Sita au saba, umati unaanza kwenda kama maji: mmoja akisukumwa nyuma, wimbi linafika mbele na hakuna mwenye nguvu ya kulizuia. Ili ukadirie kwa macho, chora akilini mraba wa mita mbili kwa mbili. Ndani yake wakiwa 16 ni wanne kwa mita. Wakiwa 20, toa taarifa.

Dalili huonekana mapema kwa anayejua kuangalia. Watu wanashindwa kuinua mikono hadi usoni. Vichwa vinayumba pamoja upande mmoja, halafu upande mwingine, wala si kwa mdundo. Nyuso zinageuka kutoka jukwaani na kutafuta pa kutokea. Ukiona hivyo usiwapigie kelele wa mbele warudi nyuma, hawana uwezo. Wanaotakiwa kurudi ni wa nyuma, na wanaowasikiliza ni mshereheshaji na msanii. Kwa hiyo muziki unasimamishwa, taa zinawashwa, maelezo yanatolewa kwa sauti tulivu.

Na wewe ukinaswa humo: mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate nafasi, usipige kelele kupoteza pumzi, usishindane na wimbi. Likitulia, sogea mshazari kuelekea pembeni, kidogo kidogo. Kitu kikianguka, simu hata pochi, usiiname.

Kijana wa Buhongwa

Asanteni sana, uzio nimeufuta. Ila dada Nesi, nikiwa getini niko nyuma kabisa, mita kama 200 kutoka jukwaani. Hili la msongamano linanihusu vipi?

Nesi wa zamu

Linakuhusu kuliko mtu yeyote, mdogo wangu. Wa mbele anaokoa mmoja mmoja. Wa getini ndiye anayeamua wangapi waongezeke.

Chukua hali hii. Saa 3 usiku msanii mkubwa anapanda, nje bado kuna watu 2,000. Wakisikia wimbo wa kwanza, foleni inavunjika, wa nyuma wanasukuma bila kujua walio mbele wamebanwa kwenye chuma cha geti. Kosa linalofanyika ni kulifungua geti lote kwa huruma. Wanaingia mbio na kwenda kubandika uzito wao kwenye mgongo wa umati uliokwishajaa. Badala yake, mwambie msimamizi wako kwa redio kabla ya saa hiyo: nje wako wangapi, mstari unapitisha wangapi kwa dakika. Kumchelewesha msanii dakika 20 hakugharimu chochote. Walioko nje watangaziwe kwamba hajapanda.

Halafu kutoka. Viwanja vya Uingereza hutumia kipimo cha watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana, penye sakafu tambarare. Geti la mita nne linatoa watu kama 328 kwa dakika, kwa hiyo 10,000 wanahitaji nusu saa. Upande mmoja ukibaki umefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo haonekani, nusu saa inakuwa saa nzima. Uliza siku ya kwanza: njia za dharura ziko ngapi, zinafunguka kwenda nje au ndani, funguo anazo nani. Milango yote iwe wazi na mtu amesimama hapo kabla wimbo wa mwisho haujaanza. Muuza mishikaki akiweka jiko katikati ya njia hiyo, aondolewe mapema, tena kwa heshima, maana saa 6 usiku hatasikia.

Ng'wana Kisesa

Mimi ni wa ngoma zaidi, lakini hapo kwenye umati kuna cha kujifunza kwetu. Kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, hufanyika pande mbili za uwanja kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Upande mmoja ukitoa jambo jipya, tuseme mchezaji mwenye chatu, watu wanatimka mbio kutoka upande wa pili. Tamasha lenye majukwaa mawili lina tabia hiyo hiyo. Ardhi ya katikati iachwe tupu: hakuna meza za vinywaji, hakuna kamba za mahema, hakuna nyaya za jenereta zilizolala juu ya majani. Nyaya zifukiwe au zipitishwe juu.

Usafiri: bangili ya siku tatu ni nzuri, ila fikiria na kurudi nyumbani. Muziki ukizimwa saa 6 usiku, magari ya kuunganisha Ilemela, mjini na Buhongwa ni ya kubahatisha, na bodaboda wanapandisha bei wakiona umati. Tafuteni wenzenu watatu au wanne wa njia ya Nyegezi na Buhongwa mkodi bajaji au gari moja, mkubaliane bei mchana. Mahali pa kukutana pasiwe getini, pawe mita 300 mbele, maana getini gari haligeuki. Anayetoka Sengerema au Geita siku hizi amepunguziwa mzigo, Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, hana tena haja ya kuwahi kivuko.

Na ziwa lenyewe. Kila tamasha la ufukweni lina watu wanaoingia majini kupoza mwili au kunawa miguu penye majani. Huko ndiko konokono wa kichocho wanakaa, na minyoo yake inapenya ngozi bila wewe kuiona. Ukiwa kwenye timu ya maji, weka ndoo za kunawia za maji safi karibu na upande wa ziwa ili mtu asiwe na sababu ya kwenda. Simtanki ya lita 5,000, ukihesabu lita mbili kwa mtu, inatosha watu 2,500 tu, kwa hiyo boza lirudi kabla haijafika robo. Aliyeishiwa maji mwilini apewe ORS, ile poda ya kuchanganya na maji ya duka la dawa. Ikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni madhara, bora ipungue.

Mzani

Nilisahau masikio. Kikomo cha kelele kinachopendekezwa kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa masaa manane, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu: 88 masaa manne, 91 mawili, hadi 100 ambapo umebaki na robo saa. Karibu na spika za besi unapita hapo kwa urahisi. Pamba haizuii sauti vya kutosha. Nunua vizibo vya sponji, kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia kidole kwa sekunde 30 kitanuke. Kikichomoza nje kama kizibo cha chupa, hakijaingia.

Kijana wa Buhongwa

Fomu nimetuma. Chaguo la kwanza geti saa 6 mchana, la pili maji. Nimewauliza pia njia za dharura ni ngapi na funguo zinakaa kwa nani. Wakinijibu nitaweka hapa. Kuna wengine wa njia ya Nyegezi wanaojitolea? Tupange gari.