Kwa nini Uasin Gishu iko juu hivyo na bado ni tambarare?

Mtoto_wa_Nyanza: Wadau habari zenu. Wiki jana nilipanda matatu hapa Kisumu kwenda Eldoret, kule Uasin Gishu, kwa njia ya Chavakali na Kapsabet, tukapanda na kupanda mpaka masikio yakaziba, nikajua tukifika juu tutaanza kuteremka upande wa pili kama mlima wowote ule, lakini wapi, juu kumebaki hukohuko juu! Ni ngano na mahindi na nyasi mpaka macho yanachoka. Ni nini kilisawazisha nchi yote hiyo? Na mbona miti ya asili michache?

Mkulima wa Moiben: Karibu kwetu. Mimi najua kwa kuchimba kisima. Udongo ulikuwa mfupi tu, tukakuta maram ngumu kama simiti, chini yake jiwe la kijivu, vijana wakaligonga kwa nyundo likalia tiing kama chuma, wakasimama wakaangaliana. Ndiyo maana mvua ikinyesha maji yanasimama shambani na kiangazi ardhi inakauka kabisa, mti utashika wapi mizizi? Nyasi zinavumilia. Mikaratusi na misaiprasi unayoona imepandwa na watu. Hata jina lenyewe Uasin Gishu ni la Wamaasai waliochunga ng'ombe hapa zamani.

Mwalimu_Njoro: Hapo kwa jiwe kulia mkulima amegusa penyewe, linaitwa fonolaiti, na hilo jina lina maana ya jiwe la sauti. Ni lava, yaani mwamba ulioyeyuka ukatoka chini ya ardhi. Miaka milioni 12 hivi iliyopita, kabla Bonde la Ufa halijakatika vile tunavyoliona leo, lava ya majimaji ilimwagika ikaenea kama uji kwenye sahani, ikajaza mabonde ya zamani ikafunika vilima, ikaganda. Baadaye ardhi ikainuka na upande wa mashariki ukavunjika, ndio ule ukingo wa Elgeyo. Kisumu mko kama mita 1,130, Eldoret ni 2,100 hivi, kwa hiyo ulipanda karibu kilomita nzima ukakanyaga sakafu. Wanafunzi wangu huwa wanadhani tambarare lazima iwe chini, kumbe la.

Mtoto_wa_Nyanza: Asante sana mwalimu, sasa nimeona picha. Na maji yake yanaenda wapi, yanamwagika Mto Kerio kule mashariki?

Mwalimu_Njoro: Hapana, na hili ndilo napenda kuwaambia watu. Hiyo sakafu imeinama kidogo kuelekea magharibi, kwa hiyo Sosiani inayopita katikati ya Eldoret inaipa mgongo Kerio ambayo iko karibu hivyo, inateremka hadi Nzoia, na Nzoia inaingia Ziwa Victoria huko Budalang'i. Ni ziwa lenu hilohilo. Mto Kerio wenyewe unaenda Ziwa Turkana.

Mkulima wa Moiben: Ukirudi usiishie Eldoret, fika Iten usimame pale ukingoni. Shamba linaisha ghafla, chini ni bonde la Kerio lenye joto, na ukitazama mwamba wa juu utaona hiyo lava imekatwa wima. Beba koti, jioni upepo wa pale si mchezo.