Wakuu, hii santuri ya Coltrane ni ya 1964 kweli? Ushauri wa haraka

Mgosi wa Philly:
Wakuu salaam. Nipo Philadelphia, nabeba boksi kama kawaida. Kuna mzee anauza santuri ya John Coltrane, Live at Birdland, dola 280. Anaapa ni toleo la kwanza la 1964, siyo zile za kurudiwa. Nisipochukua leo jioni anampa mtu mwingine. Picha za jalada hizo hapo, mbele na nyuma. Nichukue?

Fundi Sindano:
Jalada halitoshi. Itoe santuri, iinamishe kwenye taa, angalia ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Toleo la kwanza la Impulse, kampuni iliyoitoa, limegongwa VAN GELDER pale, jina la fundi aliyeichonga, na lebo yake ni ya chungwa na nyeusi. Halafu hicho kidole gumba kwenye picha ya nyuma kinaficha nini?

Mzee wa Chumbageni:
Jazz ninayoijua mimi ni Jamhuri Jazz na Nuta Jazz. Huyo Coltrane aliimba nini?

Fundi Sindano:
Hakuimba mzee wangu, alipuliza saksafoni. McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison besi, Elvin Jones ngoma. Oktoba 1963, klabu ya Birdland, New York. Ile Afro Blue ukiifungulia sauti, jirani atagonga ukuta. Ila siyo zote za klabuni. Alabama waliirekodi studio mwezi uliofuata, baada ya mabinti wanne kuuawa kwa bomu kanisani Birmingham, jimbo hilo hilo la Alabama, Marekani. Ile mimi siisikilizi nikiwa na kazi mkononi.

Mama Wawili:
Mnamjibu santuri, mimi namuuliza hela. 280 za nani? Na mashine ya kuichezea unayo?

Mgosi wa Philly:
Mashine nitatafuta. Hela ipo.

Mama Wawili:
Baba watoto wangu naye wimbo wake ulikuwa "hela ipo", mpaka siku niliyorudi kazini nikakuta friji halipo. Sema.

Mgosi wa Philly:
Haya. Ni michango ya ndugu, ya mabati ya nyumba ya mama Tanga. Mimi ndiye mweka hazina. Lakini masika bado, na hizi santuri zinapanda bei kila siku. Naiuza 500, narudisha yote, mama anapata hadi misumari. Na nusu nimeshamlipa mzee, sasa nirudi nyuma vipi?

Kobe Mjini:
Iweke juu ya paa, haipitishi maji 😂

Ustadhi Mdogo:
Amana ni amana, ndugu yangu. Hiyo siyo biashara, ni deni la mama.

Jicho la Kengewa:
Wakuu msipoteze bando, hii chai. Mwezi juzi huyu huyu alileta uzi yuko Dodoma, anauliza mbegu za zabibu. Leo Philadelphia?

Mgosi wa Philly:
Ile shemeji aliazima akaunti.

Jicho la Kengewa:
Shemeji! Leteni vitafunwa.

Mzee wa Chumbageni:
Mimi nipo Tanga hapa hapa. Ataje mtaa, naenda kuliangalia hilo paa kwa miguu.

Mgosi wa Philly:
Makorora, nyuma ya soko. Lakini mzee nakuomba usiende, mama hajui kitu.
Fundi, nipo kwa yule mzee sasa hivi, nimeiinamisha kwenye taa. VAN GELDER siioni. Na pale kwenye kidole kuna ile mistari ya kuskani dukani. Nilidhani labda walibadilisha jalada tu.

Fundi Sindano:
Mistari hiyo ilianza kuskaniwa madukani 1974. Hukudhani, ulijua, ndiyo maana ukaweka kidole. Hiyo ni ya kurudiwa. Muziki ni ule ule, sikukatazi kuusikiliza, ila kwa hiyo nusu uliyolipa ungepata tatu mpya.

Jicho la Kengewa:
Bado nasema chai.

Mzee wa Chumbageni:
Nimeshavaa kandambili. Nyuma ya soko upande upi?