Nimekabidhiwa galari ya chuo, kumbe wenyewe wanaijua kama ghala!

Mwangaluka wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira, anayetaka lugha ya kiofisi apite.

Mimi ni mchoraji. Nina kibanda changu cha kazi Kirumba, brashi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Mwaka jana chuo kimoja hapa Mwanza (sikitaji) kikaniita nikashike galari yao, yaani chumba cha kuonyeshea picha, nusu siku, kwa posho ya kusikitisha. Nikakubali, kwa sababu mji mzima huu, toka Capri Point mpaka Igoma, kijana akimaliza picha anaitundika wapi? Hotelini, juu ya friji la soda. Ukitaka kuona vitu vya Wasukuma vimepangwa vikapangika, panda daladala uende makumbusho ya Bujora kule Kisesa.

Nilikuta popo na viti vya plastiki mpaka darini. Nikapaka kuta nyeupe mwenyewe, nyavu za madirishani nikanunua kwa hela yangu. Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka kama moshi? Wakiona taa wamefika, na wakitua kwenye rangi mbichi huwatoi. Nina picha ya Jiwe la Bismarck ambayo mpaka leo ina mabawa.

Sasa sikieni. Ijumaa nimefunga mlango, ukutani kuna kazi 31 za vijana wa mwaka wa mwisho, kila moja kitovu chake sentimita 145 toka sakafuni, mtu aangalie bila kukunja shingo. Ufunguo mfukoni. Jumatatu nafungua: ukuta wangu umejaa misumari ya zege na vipande vya vitambaa vya pinki, wali umekanyagwa sakafuni. Kulikuwa na kicheni pati! Kumbe bursa ana ufunguo wa pili, mlinzi ana wa tatu.

Picha? Nyuma ya mlango, zimelaliana uso kwa uso kama bati.

Wakuu, rangi ya mafuta haikauki kama kanga kwenye kamba. Inavuta hewa taratibu, ukiipaka nene wiki mbili juu imeshika ngozi, ndani bado mbichi. Binti mmoja alichora wavuvi wa dagaa wa Igombe, usiku, taa zimejipanga majini. Nilipoibandua ikalia kama plasta inayotoka kwenye kidonda. Taa nne zimehamia kwenye paji la uso la bibi aliyechorwa na mwenzake. Nusu ya mtumbwi haipo. Yule binti hakulia hata, aliniuliza tu, "Mwalimu, si tathmini ni Alhamisi?"

Nikaenda kwa bursa. Hakuniangalia, anahesabu risiti. "Mwalimu, ukumbi umeingiza laki tatu Jumamosi moja. Hizo picha zako zimeingiza shilingi ngapi?" Nikamwambia ile ni galari, si ukumbi. Akavuta daftari la mali za chuo, akanionyesha kwa kidole: Ghala Na. 2. Mwaka mzima nilikuwa mtunza stoo bila kujua!

Na msiniambie "mkuu, andika barua". Nimeandika tatu. Ya kwanza ilijibiwa na afisa ugavi, akiniuliza viti vimebaki vingapi. Wa kuniambia niache kazi naye anyamaze kwanza, maana nikitoka, wiki haiishi viti vimerudi darini na popo wao.

Ninachotaka ni kimoja: funguo zile mbili zirudi kwangu. Sitaki nyongeza ya posho, sitaki cheo. Mlango ule ufunguliwe na anayejua picha ipi haijakauka.

Leo mchana mkuu wa chuo kaniita. Nikajua yameisha. Kanipa bahasha: kadi ya mchango, binti wa shangazi yake anaagwa mwezi ujao. Nimeandikiwa elfu hamsini. Mahali pa sherehe nimesoma mara mbili, ni humo humo.