Kupiga picha watu usiowajua mtaani Arusha: unajenga ukaribu au unajichukulia tu?

Lenzi_ya_Sakina
Wakuu, heshima kwenu. Jumapili huwa nazunguka mjini na kamera. Naanzia Mnara wa Saa, nashuka na Barabara ya Sokoine hadi Kilombero, namalizia Ngarenaro. Sipigi harusi wala matangazo. Napiga watu: fundi cherehani, mama lishe, makuli, wazee wa bao. Jamaa yangu kaniambia huo ni wizi wa sura za watu. Mimi naona kinyume chake. Bila kamera nisingewahi hata kumsalimia muuza mkaa wa Kilombero, na leo akiniona ananiita kwa jina na kuniuliza nyumbani hawajambo.

Msimamo wangu ni kwamba ukiomba ruhusa kwanza, picha imekufa. Mtu anavua kofia, anaweka kanga sawa, anakaza uso utadhani yuko NIDA. Unapiga kwanza, halafu unamsogelea, unamwonyesha kwenye kioo cha kamera, mnacheka, mnaongea. Maongezi ndiyo yenyewe. Ila hilo linawezekana Arusha. Moshi nilishindwa, pale Mbuyuni hujainua hata kamera umeshatajiwa bei.

Je, kuomba kwanza au kupiga kwanza? Nawasilisha.

Mangi_Mtoro
Nilikuwa nasoma vizuri mpaka nikafika Mbuyuni. Mleta mada, umeingia sokoni ukatajiwa bei, ukashangaa. Ulitegemea ukute nini, ibada?

Kifodi_Konda
Uzi una komenti moja na Mangi kashaumia.

Lenzi_ya_Sakina
Mangi, bei ya vitunguu sina shida nayo. Nilitajiwa bei ya sura. Dada aliniambia elfu tano, nikashusha kamera ikawa elfu tatu, nikageuka kuondoka akaniita kwa buku.

Mangi_Mtoro
Ungenunua vitunguu angekupa picha na nyongeza juu. Hukununua. Ukasimama mbele ya meza yake na kamera yako, wateja wakapita pembeni. Yule alikuwa kazini, wewe ulikuwa matembezini.

Halafu hao unaowasifia Kilombero kwa ukarimu, nusu yao asubuhi wameongea na mama zao Kichaga kwenye simu.

Shangazi_wa_Njiro
Nusu gani? Robo tatu. Nionyesheni mtaa wa Arusha usio na duka la Mangi.

Mwarusha_Halisi
Taratibu jamani. Huu mji una wenyewe, Waarusha na Wameru. Msije mkaugawana kwenye komenti.

Kifodi_Konda
Mangi, wewe wa wapi kwanza, Machame au Kibosho? Maana ukienda Rombo, wao ndio wanakupiga wewe picha halafu wanakuuzia.

Mangi_Mtoro
Wa Kibosho, na sioni aibu. Turudi kwa huyu aliyetukana Mbuyuni.

Lenzi_ya_Sakina
Sijatukana mtu. Someni tena.

Binti_wa_Muuza_Ndizi
Naomba niwakatishe kwenye ukabila wenu.

Mama yangu anauza ndizi Kilombero, upande wa kutokea stendi. Mdogo wangu alienda mafunzo ya vitendo kwenye hoteli moja nje ya mji. Ukutani, njia ya kuelekea mgahawani, akamkuta mama. Picha kubwa isiyo na rangi, imewekwa fremu nzuri ya mbao. Mama ameinama anachambua ndizi, kitenge kimeteremka begani, kamba ya sidiria iko nje, kidole gumba amekifunga kitambaa kwa sababu alijikata na panga wiki hiyo. Chini yake pameandikwa maneno ya Kiingereza kuhusu uvumilivu wa mwanamke wa Kiafrika. Jina la mpiga picha lipo. La mama halipo.

Mdogo wangu akaipiga kwa simu, akaja nayo nyumbani. Mama hakuuliza habari ya pesa. Aliitazama muda mrefu, akasema: "Sasa si wangeniambia nivae?"

Mama ana gauni la Jumapili. Ana hereni. Kwa hiyo mleta mada, hiyo picha unayosema inakufa mtu akijiweka sawa, inakufa kwa nani?

Shangazi_wa_Njiro
Uwii. Hapo kwenye kamba ya sidiria nimejisikia vibaya kama ni mimi.

Lenzi_ya_Sakina
Dada, pole sana kwa hilo. Lakini usinichanganye na wapiga picha wa mahoteli. Mimi sijawahi kuuza picha ya mtu hata moja.

Binti_wa_Muuza_Ndizi
Sijakutaja. Umejitaja.

Wakili_wa_Kijiweni
Katiba, Ibara ya 16, inalinda heshima na maisha binafsi ya kila mtu. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo inafanya kazi. Pale hotelini sura ya mtu anayetambulika inapamba biashara na yeye hakuridhia. Dada, mnayo hoja ya kupeleka malalamiko.

Lenzi_ya_Sakina
Na Ibara ya 18 inanipa uhuru wa kutoa mawazo yangu. Mtaani ni mahali pa wazi, kila mtu anaona.

Binti_wa_Muuza_Ndizi
Toa mawazo yako kwa sura yako.

Mwalimu_Tengeru
Hili si jipya. Kuna yule mama wa Marekani aliyepigwa picha akiwa na watoto wake wakati wa shida, nadhani miaka ya 40. Picha ikazunguka dunia nzima, yeye akabaki maskini vile vile.

Wakili_wa_Kijiweni
Ilikuwa 1936, mwalimu, California, kwenye kambi ya vibarua wa kuvuna njegere. Mpiga picha Dorothea Lange, aliyekuwa anafanya kazi serikalini. Hakumuuliza mama wa watu hata jina. Ilipofika 1978 ndipo dunia ikajua anaitwa Florence Owens Thompson, na alikuwa na uchungu, akasema hakuambulia hata senti.

Lenzi_ya_Sakina
Malizia yote basi. Picha ile ilipotoka gazetini serikali ilipeleka chakula kambini. Watu walikula kwa sababu ya picha.

Wakili_wa_Kijiweni
Walikula waliobaki. Yeye na watoto walikuwa wameshahama kutafuta kibarua kwingine.

Lenzi_ya_Sakina
Na alipougua 1983 watoto wake wakaomba msaada, watu wakachanga zaidi ya dola 30,000, kwa sababu tu walimjua kwenye picha. Mnaona? Mwisho picha ilimlipa.

Binti_wa_Muuza_Ndizi
Miaka 47 baadaye, akiwa kitandani. Na mwaka huo huo akafa.

Mangi_Mtoro
Dada wa vitunguu alitaka alipwe siku ile ile. Ndiyo maana nawaambia Moshi kuna akili.

Kifodi_Konda
Hahahaa, Mangi hajasamehe!

Laigwanan_Mdogo
Mimi ni Mmasai wa Monduli, kazi yangu mhasibu hapa mjini. Nikipita Sokoine na shati na suruali ya kitambaa hakuna anayegeuza shingo. Siku nikifunga lubega kwenda mnadani Kisongo nakuwa twiga. Gari linasimama, kioo kinashuka, kamera inatoka. Tena siku hizi si watalii peke yao, ni machalii wa hapa hapa. Mmoja aliniambia, "Mzee, angalia kule mbali kidogo." Mimi nina miaka 31, na kule mbali hakuna kitu, kuna shule ya msingi.

Kwenye boma za kitalii kule Ngorongoro mgeni analipa kabla hajaingia, halafu anapiga. Watu wanalalamika eti inaharibu utamaduni. Mimi naona pale angalau kila mtu anajua nani yuko kazini.

Mwarusha_Halisi
Hapo kwa kulipa mimi sikubali. Ukishalipa mtu anaanza kuruka hata kama siku hiyo haruki. Nimeona.

Laigwanan_Mdogo
Bwana harusi naye hupigwa picha anakata keki. Nyumbani kwake kila siku anakata keki?

Mzee_Fleshi
Vijana, shikamooni zimenipita humu, si kitu. Nimepiga picha mji huu tangu enzi za filamu ya picha 36. Kioo cha kumwonyesha mtu hatukuwa nacho.

Harusini hatukuomba ruhusa ya mtu. Unapiga shangazi analia, unapiga mgeni anakula, unapiga mzee amesinzia. Filamu ikijaa, kijana wako anakimbia nayo studio. Zinasafishwa, anarudi nazo kabla ukumbi haujatoka, mnazipanga chini pale mlangoni juu ya turubai. Watu wakitoka wanainama, wanatafuta sura zao. Aliyejipenda ananunua. Asiyejipenda anaiokota, anaitazama, anaichana mbele yako, na karatasi ile ni hela yako. Nimechaniwa nyingi sana.

Ndivyo tulivyojifunza kazi. Ukichaniwa picha ya mama aliyejaza pilau mdomoni, harusi inayofuata unangoja ameze. Yule mgeni ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya sura yake. Nyie mna maelfu ya watu kwenye memori kadi, na hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kuchana.

Bwana mmoja wa Bamako, Malick Sidibé, alikuwa anapiga vijana kwenye dansi usiku, anarudi studio kuzisafisha, anazibandika wenyewe waje wachague zao. Mwaka 2007 akapewa tuzo ya sanaa ya Simba wa Dhahabu kule Venice, kwa picha za namna hiyo hiyo, za kuuziwa wenyewe.

Kifodi_Konda
Mzee kumbe ni nyie! Mlinipiga kipaimara nimefumba macho, mama akainunua hivyo hivyo. Iko sebuleni mpaka leo.

Mzee_Fleshi
Hakununua wewe. Alijipenda yeye pembeni yako.

Shangazi_wa_Njiro
Nimecheka peke yangu ndani ya daladala, watu wananiangalia.

Lenzi_ya_Sakina
Shikamoo mzee. Ila ile ilikuwa biashara, na mimi nazungumzia sanaa. Mkimpa mpigwaji neno la mwisho, kila picha itakuwa ya mtu aliyetabasamu na maua ya plastiki nyuma. Wakubwa wa kazi hii hawakuomba. Henri Cartier-Bresson angekuwa anaomba ruhusa tusingekuwa na ile picha ya jamaa anaruka dimbwi kule Paris.

Mangi_Mtoro
Huyo angekuja Mbuyuni angetajiwa bei.

Wakili_wa_Kijiweni
Na huyo huyo Cartier-Bresson alikuwa hataki kabisa kupigwa picha yeye. Alikuwa anaficha uso.

Shangazi_wa_Njiro
Ehee. Hebu tuulizane. Lenzi, mwanangu, mbona kwenye jina lako umeweka picha ya kamera? Wewe uko wapi?

Lenzi_ya_Sakina
Shangazi, mimi sipendi kupigwa picha. Na kazini kwetu kuna mambo.

Shangazi_wa_Njiro
Haya.

Kifodi_Konda
"Haya" ya shangazi usiijibu, chalii angu. Pita hivi.

Lenzi_ya_Sakina
Mnageuza mada. Niliuliza kuomba kabla au baada. Hakuna aliyejibu, mmenigeuzia kesi ya hoteli ambayo hata siijui. Yule muuza mkaa ni rafiki yangu, hilo mmelipita wote.

Laigwanan_Mdogo
Anayo picha yake?

Lenzi_ya_Sakina
Nilimwonyesha.

Laigwanan_Mdogo
Nimeuliza anayo.

Lenzi_ya_Sakina
Simu yake ni ya batani, ningemtumiaje?

Mzee_Fleshi
Karatasi bado zinauzwa, kijana.

Mwalimu_Tengeru
Mimi nadhani inategemea. Watoto, hapana. Mgonjwa, hapana. Fundi yuko kazini kwake na hujamwonyesha vibaya, sioni tatizo. Nilitaka kusema hivyo tangu mwanzo ila mlikuwa Rombo.

Mwarusha_Halisi
Na polisi, hapana. Jaribu kuinua kamera mbele ya kituo uone huo ukaribu utakavyojengeka.

Wakili_wa_Kijiweni
Dada wa ndizi, jina la hoteli nitumie inboksi, usilitaje hapa. Malalamiko hayana ugumu, nitakuandikia.

Binti_wa_Muuza_Ndizi
Asante kaka. Nilimwambia mama, hataki kesi. Anasema wale wateja wa hotelini ndio wananunuliwa ndizi zake. Anachotaka itolewe ile iwekwe nyingine, na achague yeye.

Mzee_Fleshi
Mlete studio, au nimfuate sokoni akiwa na gauni lake. Zitoke kama nne, achague, nyingine achane.

Lenzi_ya_Sakina
Hata mimi naweza kumpiga. Bure kabisa.

Binti_wa_Muuza_Ndizi
Muulize mwenyewe. Yuko pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Mangi_Mtoro
Na ukimaliza njoo Mbuyuni, nitakupeleka kwa yule dada wa vitunguu. Njoo na kikapu.

Kifodi_Konda
Mzee, kusafisha siku hizi bei gani? Nina picha za mwanangu nyingi, nikutumie WhatsApp?

Mzee_Fleshi
WhatsApp usinitumie, zinafika zimeoza. Lete kwenye flashi.

Mwarusha_Halisi
Jambo moja lisipotee humu. Ndizi za Kilombero nyingi zinatoka Meru. Isije ikaonekana na zenyewe ni za Moshi.

Mangi_Mtoro
Za Meru ni za kuivisha. Mtori hauwezi kutoka humo.

Mwarusha_Halisi
Umeshawahi kula mtori wa Meru wewe?

Mangi_Mtoro
Nimeshawahi kupewa.